Tonge la Kwanza Katika Kasho

Nilimchukia yule mama polisi kabla hajanikosea kitu. Nalisema hili mwanzoni, maana baadaye nilipata sababu, na nyumbani wanadhani chuki yangu ilianzia hapo.

Alitoka nchi moja ya magharibi mwa Afrika, nchi ya bahari na Kifaransa. Alivaa sare ya polisi ya kwao na bereti ya buluu ya wale wanaotumwa nchi za watu kulinda amani. Yeye na wenzake wawili walipanga nyumba yenye geti la chuma kwenye avenyu yetu, hapa Songo, mtaa wa mji wa Uvira. Jioni umeme ukikatika jenereta yao ilinguruma, taa zao zikawaka juu ya ukuta wenye waya wa miiba, na sisi tuko ng'ambo ya ukuta tunatafuta kibiriti. Asubuhi gari lao la jipu jeupe lilipita katikati yetu, wanafunzi tunaokwenda kwa miguu, vioo vimefungwa. Vumbi lilibaki letu.

Kazi yake sikuielewa kwa muda mrefu. Alikuwa polisi asiyeruhusiwa kumkamata mtu. Jumanne na Ijumaa alikuja kwenye kituo kidogo cha polisi ambacho papa yangu alikuwa mkuu wake. Alikagua rejista, akaipiga picha kwa simu. Alihesabu watu waliofungwa, akataka kujua kila mmoja ameingia siku gani, maana sheria inasema polisi hawezi kumshika mtu zaidi ya saa arobaini na nane bila kumpeleka kwa mwendesha mashtaka. Aliwafundisha polisi wetu namna ya kumsikiliza mwanamke aliyepigwa na mume bila kumcheka. Halafu alirudi kwenye jipu, akaenda kuandika ripoti. Ripoti ilikwenda kwa wakubwa wake, wakubwa wake wakawaambia wakubwa wa papa, na wakubwa wa papa wakampigia papa simu. Njia ilikuwa ndefu, lakini mwisho wake kila mara ulikuwa kwenye bugali yetu ya jioni.

"Leo mwalimu wangu amenifundisha kupiga mstari na rula," papa alisema siku moja akivua viatu. "Miaka ishirini niko polisi, kumbe sikujua rula."

"Na weye ulimujibu nini?" mama akauliza.

"Nilimujibu *merci, madame*. Niko na kingine cha kujibu?"

Tulicheka. Papa hakucheka. Nilimchukia yule mwanamke kwa ajili ya rula ile.

Mimi ni mtu wa haya. Si haya ya adabu ambayo wazee wanaisifu. Swali likiulizwa darasani najua jibu, lakini koo linafunga kama mfuko uliokazwa kamba. Kwenye dikte ya Kifaransa nilikuwa wa kwanza. Kwenye kusoma kwa sauti nilipewa sifuri mara tatu. Mwalimu aliniambia mbele ya wote: "Weye ungezaliwa karatasi." Darasa likaanguka kwa kicheko. Nilikwenda nyumbani nikayaandika maneno yale.

Sasa lazima nieleze bakuli.

Kasho ni kile chumba cha nyuma ya kituo, chenye mlango wa nondo, wanapowafungia watu. Aliye kasho serikali haimpi chakula. Familia ndiyo inaleta. Asiye na familia mjini anangoja huruma ya mtu, na huruma ya kituo kile ilikuwa sufuria ya mama yangu. Papa alikuwa akipita jikoni asubuhi na kusema tu: "Kuna mumoja hana mutu." Mama alinuna, akaongeza unga. Aliyepeleka bakuli ni mimi, nikitoka shule, nikishabadilisha nguo.

Na chakula cha kasho kina kanuni yake. Huku kwetu sumu inaogopwa sana. Mtu aliyefungwa ni mtu aliyegombana na mtu, na yule waliyegombana anaweza kutuma bakuli vizuri sana, hata na kitambaa kilichopigwa pasi. Kwa hiyo mwenye kuleta chakula haliachi bakuli mlangoni akajiendea. Anaingia ndani. Anakaa. Anakula tonge la kwanza mbele ya mfungwa, anangoja kidogo, ndipo mfungwa anakula, na yeye anabaki hapo mpaka bakuli limekwisha. Kama kuna kitu, watalala chini wote wawili. Hakuna aliyeiandika kanuni hii, lakini mtoto wa darasa la kwanza hapa Uvira anaijua. Polisi wa zamu alikuwa ananifungulia, ananifungia ndani kwa funguo, anarudi kunitoa bakuli likiisha, maana hawezi kuacha mlango wazi. Kandambili niliziacha nje kwenye saruji. Humo ndani kila mtu yuko peku.

Wiki ile mtu asiye na mtu alitoka kijiji cha Lubarika. Alikuwa mkulima wa mpunga, mikono mipana, mtu mzima wa kulingana na papa. Aligombana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba. Jumamosi alikuja Uvira kuuza mchele, kumbe jirani amemfuata, akamshtaki hapa, kwa sababu hapa jirani ana shemeji ambaye ni mkubwa. Papa akamfungia. Jioni ile nilimsikia papa kwenye simu, amesimama wima kama vile anaonekana: "Ndiyo, mukubwa. Iko hapa. Haendi popote." Sikuweka maanani. Papa kwenye simu kila mara alisimama hivyo.

Siku ya kwanza yule mtu alinitazama kwa aibu iliyozidi yangu.

"Anza weye, mutoto yangu," alisema. "Usikasirike."

Nikamega, nikachovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, nikameza. Aliangalia koo langu mpaka tonge limeshuka. Kando yake kulikuwa na vijana wawili wa kesi ya simu iliyoibiwa, wao walikuwa wanaletewa na dada zao.

"Na minye niko mwonjaji!" mmoja wao alipiga kelele. "Minye naonja bure! Hata kama iko sumu, niache nife nimeshiba!"

Yule wa Lubarika akacheka, akala polepole, akasema mama yangu anajua chumvi. Kila siku ilikuwa hivyo, wala hatukuongea zaidi. Jumanne tu jipu jeupe lilipokuja hakuwepo kasho. Polisi mmoja alikuwa amemchukua kwenda kuchota maji ziwani, akamrudisha jipu lilipoondoka. Nilidhani imetokea tu.

Ijumaa ilinyesha. Nilifika na bakuli chini ya mfuko wa plastiki. Papa alikuwa kwenye mkutano huko ofisi ya komini. Polisi wa zamu, kijana mwenye njaa, alinifungia ndani na kusema, "Nafika hapa tu, nanunua beinye," akaondoka na funguo mfukoni. Nilikaa chini kwenye saruji na yule wa Lubarika, bakuli katikati yetu, ndagala wadogo wa ziwani na bugali. Nilikuwa nimetia tonge mdomoni wakati bereti ya buluu ilipotokea nyuma ya nondo.

Alikuwa peke yake. Mkalimani wake hakuja siku hiyo, nilisikia baadaye kwamba alikuwa matangani. Yule mama alisimama pale, maji ya mvua yakimtiririka mabegani, akanitazama: miguu yangu peku, nguo yangu ya nyumbani iliyoraruka kwapani, wanaume watatu, kufuli. Uso wake ulibadilika. Akachuchumaa mpaka akawa kimo changu.

"Una miaka mingapi, binti yangu?" aliuliza kwa Kifaransa, taratibu.

Nilielewa kila kitu. Miaka kumi na sita. Ni maneno matatu tu ya Kifaransa. Mdomo umejaa bugali.

"Uko humu tangu lini?"

Niliangalia bakuli.

"Kuna mtu amekufanyia kitu?"

Yule wa Lubarika akaanza: "Mama, huyu iko mutoto ya komanda, analeta chakula." Vijana wawili wapya, walioingia jana yake, nao wakadakia, wote kwa pamoja, mikono juu, "Chakula, madamu! Chakula!" Kiswahili cha yule mama hakikupita jambo na asante. Kelele ile ikamfanya aone nimezungukwa. Aliwanyamazisha kwa kiganja, akapiga picha ya kufuli, akatoka kutafuta mwenye funguo.

Yule mlinzi wa zamu alirudi mbio, mafuta ya maandazi yale ya beinye kwenye midomo. Alipoona jipu alipoteza akili. Akafungua, akanisukuma: "Toka! Kimbia!" Nami nikakimbia. Nilipita mbele ya yule mama kwenye mvua bila kandambili, bila bakuli, nikasikia ananiita, "*Petite! Petite!*" Nikaongeza mbio. Nyuma yangu mlinzi alikuwa anamwambia kwa Kifaransa chake cha vipande: amekwenda, madame, imekwisha.

Nyumbani mama aliuliza bakuli liko wapi. Nilisema limebaki, nitalifuata kesho. Kesho yake papa alimwachilia yule wa Lubarika, na mtu yule akaondoka na bakuli letu pia, lile la bati jeupe lenye mstari wa bluu. Mama alilalamika siku nzima. Siku ya kwanza kukaa kimya ni rahisi. Siku ya pili kunakuwa tayari na kitu cha kuficha.

Jumatatu papa alirudi mchana, saa ambayo harudi. Aliweka barua mezani, akaisoma kwa sauti, Kifaransa kile kigumu, halafu akatuelezea kwa Kiswahili. Ilisema kwamba Ijumaa, katika kituo chake, mtoto wa kike alikutwa amefungiwa pamoja na wanaume watatu. Kwamba jina lake halimo kwenye rejista. Kwamba alitoroshwa mbele ya ofisa mgeni. Bakuli halikutajwa popote. Papa alikuwa na siku tatu za kumleta binti huyo au kueleza yuko wapi. La sivyo anavuliwa ukuu wa kituo, na pengine anafikishwa mahakamani.

"Binti gani?" mama aliuliza.

"Hakuna binti! Nimemuuliza mulinzi, anaapa kwa mama yake hakuona binti." Papa alipiga meza. "Huyu mwanamuke anatunga! Misheni yao inafungwa, beko banarudi kwabo, anatafuta jina kubwa la kurudi nalo. Anakuja kulijenga juu ya kichwa yangu!"

Mlinzi alidanganya kwa sababu ya beinye. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya... sijui, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nilisimama mlangoni na ndoo mkononi. Nilikuwa yule binti, na niliingia chumbani nikalala kifudifudi.

Kufikia Jumanne habari ilikuwa imefika shuleni kwetu, liseni. Wakati wa mapumziko, msichana mmoja wa darasa letu, ambaye baba yake ni mchungaji na kwa hiyo anajua kila kitu, alikuja na wenzake wawili.

"Banasema kuna binti alilala kasho kwa papa yako," alisema. "Katikati ya banaume. Weye unamujua?"

"Hapana."

"Pengine ni wa Sange. Babinti ba Sange banapenda kutembea."

"Au ni wa hapa hapa Songo," mwingine akasema. "Atazaa polisi kidogo na bereti yake!"

Wakacheka, wakapigana viganja. Nilisikiliza watu wakinitafuta, wakinipa kijiji, wakinipa mimba, na nikawaza: mkinifikia, mtanila. Siku ile ndiyo niliwachukia wote kwa mara moja, wale wasichana, mlinzi, yule mama wa bereti aliyechuchumaa na kunionea huruma bila kuombwa. Papa nilishindwa kumchukia, hiyo ndiyo iliyoniuma.

Jumatano asubuhi nilikata karatasi kwenye daftari langu, nikaandika mistari tisa, nikaiweka ndani ya kofia ya papa. Aliikuta alipotaka kuivaa. Aliisoma amesimama. Midomo yake ilikuwa inasogea.

"Ni weye?"

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Ni weye ulikuwa unaonja?"

"Ni minye, papa."

Alikaa kwenye kiti. Nilidhani atanipiga, na nakiri nilitaka. Badala yake alitoa sauti kama kicheko kilichokosea njia.

"Twende," akasema. "Utamwambia."

"Papa, nampelekea karatasi hii."

"Karatasi atasema minye nimeiandika. Ni kinywa chako anataka. Leo utakifungua, mutoto yangu, hata kama ni na kisu."

Ofisi ya yule mama ilikuwa kontena jeupe ndani ya kambi yao karibu na ziwa, lenye mashine ya ubaridi. Papa aliachwa getini. Kanuni yao inasema mtoto haongei mbele ya mtu anayelalamikiwa. Alisimama juani na sare yake iliyopigwa pasi, kofia mkononi, mbele ya askari mgeni wa geti ambaye angeweza kuwa mwanawe. Dirisha la kontena lilikuwa upande ule, na nilimwona wakati wote.

Mkalimani alikuwepo, kijana wa hapa mjini mwenye kitambulisho shingoni. Yule mama alinipa kiti, biskuti na maji ya matunda ya kwenye boksi. Sikugusa. Kwenye meza yake kulikuwa na picha ya msichana mwenye sare ya shule.

"Ni wa kwangu," alisema alipoona ninaitazama. "Ana miaka yako. Miezi minane sasa namwona kwenye simu tu."

Niliwaza: basi rudi ukamtazame.

"Ni baba yako aliyekuambia uje?"

Nilitazama boksi la maji ya matunda.

"Amekuambia useme nini?"

Alingoja. Alijua kungoja, ilikuwa sehemu ya kazi yake, alikaa pale kama mtu aliyelipiwa kiti.

"Nimefanya kazi hii katika nchi tatu," alisema mwishowe, bila ukali. "Zote tatu ilikuwa hivi. Msichana anakuja siku chache baadaye. Baba anangoja nje. Msichana anasema hakuna kilichotokea. Mimi nakuamini wewe uliyekuwa Ijumaa, yule aliyeshindwa kusema."

Alinionea huruma tena, na huruma ile ilikuwa inamfukuza papa kazi mbele ya macho yangu. Mkalimani alichoka. Akaniinamia, akasema kwa Kiswahili chetu:

"Sema basi, kadada. Mule ndani ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naonja."

Akanyooka. "Chakula ya nani?"

"Ya mutu wa Lubarika. Hana mutu hapa."

"Ahaa! Weye njo mwonjaji!" Akapiga paja lake na kucheka mpaka kitambulisho kikarukaruka. Akamgeukia yule mama, akamweleza kwa Kifaransa kirefu, sumu, tonge, kukaa mpaka bakuli liishe. Yule mama alisikiliza, hakucheka.

"Niko hapa miezi minane," alisema. "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Haukuuliza, madame. Ni jambo la kila siku. Nani anaeleza jambo la kila siku?"

Akaniuliza mimi. Kwa nini peku? Kwa nini kufuli? Kwa nini nilikimbia? Na sijui nini kilifunguka, labda kicheko cha yule kijana, labda kumwona papa akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Nilijibu. Nilijibu kwa Kifaransa, sentensi nzima, kama dikte iliyojisoma yenyewe. Nilisema habari ya beinye. Nilisema habari ya bugali mdomoni. Aliandika haraka, na niliona ukurasa unajaa upande wa papa, nikapata kiburi. Nilijisikia mtu mwenye sauti.

"Na huyo mtu wa Lubarika," alisema bila kuinua kichwa, "ulimpelekea mara ngapi?"

"Mara saba."

"Kwa siku mara ngapi?"

"Moja. Jumamosi ilikuwa sombe, nilipeleka jioni. Jumapili wali na maharagwe. Jumatatu mboga ya lengalenga..." Nilimtajia zote mpaka ndagala za Ijumaa. Nilitaka aone kwamba sidanganyi, kwamba hakuna mtu anayetunga lengalenga.

Kalamu ilisimama. Akarudi juu ya ukurasa. Akachukua simu yake, akatafuta picha ya rejista aliyoipiga Ijumaa, akaikuza kwa vidole viwili.

"Imeandikwa hapa kwamba aliingia Alhamisi."

Mashine ya ubaridi ilikuwa inavuma. Mkalimani aligeukia dirisha ghafla, kana kwamba ziwa limeita. Nikaelewa yote kwa pamoja, simu ya papa akiwa wima, maji ya kuchota Jumanne, Alhamisi iliyonyooshwa vizuri kwa rula ili isizidi saa arobaini na nane.

"Umesema Jumamosi," yule mama alisema. "Una hakika?"

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi niliyoijua vizuri kuliko zote. Lakini Ijumaa nilinyamaza, na tazama tulikofika. Nje papa aliinua kofia akajikinga jua, akaona uso wangu dirishani, akanifanyia ishara ya kichwa: sema, sema.

"Ndiyo," nilisema. "Jumamosi."

Akaandika. Akanishukuru. Akasema mimi ni msichana jasiri, na kama kungekuwa na jiwe ndani ya kontena lile ningemtupia.

Barua ya pili ilifika baada ya wiki moja. Mambo ya binti yalifutwa kabisa, kwa maneno mazuri. Ukurasa uliobaki ulikuwa juu ya mtu aliyeshikwa wiki nzima na tarehe ya uongo kwenye rejista. Yule shemeji mkubwa hakutajwa popote. Papa alivuliwa kituo, akahamishiwa juu milimani, kwenye kituo ambacho barabara ya gari haifiki. Hakufikishwa mahakamani, hakufukuzwa kazi. Mama alisema tumshukuru Mungu, akiwa anakunja mashati yake kwa hasira mpaka vifungo vikatoka.

Papa hakunigombeza. Asubuhi ya kuondoka alikaa kwenye begi lake akifunga viatu, mimi nikiwa nimemshikia kofia.

"Ulisema kweli," alisema. "Ni kweli ile, sikatai. Niliambiwa nimushike, nikamushika." Akavuta kamba ya kiatu. "Lakini weye! Miaka yote hausemi kitu. Siku moja ya kusema, unahesabu hata bakuli?"

Akachukua kofia mkononi mwangu, akapanda pikipiki. Nimeirudia sentensi ile mara nyingi, na bado sijui kama alikuwa anatania.

Kuhusu yule mama: nilijaribu kumkuta na kosa. Alikosea Ijumaa, ndiyo, alinionea huruma ya uongo. Lakini kwa Alhamisi ile hakukosea. Mtu wa Lubarika alikuwa na mpunga wake unaoota bila yeye, na papa alijua. Ningekuwa na nafuu kama yule mwanamke angekuwa mwongo, ningemchukia kwa raha. Misheni yao ilipofungwa walipakia magodoro na majokofu kwenye malori, watu wa avenyu wakisimama kuzomea na kuomba viti kwa wakati mmoja. Aliniona kwenye umati, akanipungia mkono. Nikaangalia chini. Siku ile haikuwa haya.

Wakati wa mavuno mtu alipiga hodi uani. Alikuwa yule wa Lubarika, amevaa shati la kanisani, amebeba lile bakuli la bati lenye mstari wa bluu, limejaa mchele mpya mpaka ukingoni, limefungwa kwa kitambaa.

"Nimekuja kumusalimia komanda," alisema. "Na kurudisha bakuli ya mama. Ilinilisha."

"Komanda hayuko," mama alisema. "Iko juu. Ni kwa sababu yako."

Yule mtu aliweka bakuli chini polepole. Alikuwa hajui, na nilimwona akijua. Akataka kuondoka. Lakini mgeni hatoki bila kula, hata kwa mama yangu siku ya hasira, na bugali ilikuwa tayari motoni. Mama akapakua, akatia samaki, akaweka chakula mbele yake kwenye kigoda. Halafu akaniita, kwa sauti ambayo jirani alipaswa kuisikia:

"Njoo hapa. Onja kwanza."

Nyumbani kwa watu hakuna anayeonjewa. Yule mtu aliinamisha kichwa. Alielewa anaambiwa bado yuko kasho kwetu. Ningeweza kukataa. Nilikaa chini mbele yake, peku, nikamega tonge, nikachovya, nikameza. Safari hii hakutazama koo langu. Alitazama mikono yake mipana, akangoja muda uleule aliokuwa akingoja, kisha akanyoosha mkono akala, na mimi nikabaki pale kama kanuni inavyotaka, mpaka chakula kikaisha.